Mwenye Axel Aliyefundisha Kuteleza

Katika fainali ya wanawake ya mchezo wa kuteleza barafuni kwenye Olimpiki ya Vancouver, Februari 2010, kamera zilikuwa zikimrudia mwanamume mmoja wa miaka 48 aliyesimama nyuma ya ukuta mfupi unaozunguka uwanja. Kila mara Kim Yuna wa Korea Kusini aliporuka, mwanamume huyo naye aliruka pale alipo, mikono ikimfuata, kana kwamba mwili wake haukuweza kukubali kwamba zamu yake ilikwisha zamani. Kim alimaliza akiwa na jumla ya alama 228.56, ambazo hakuna mwanamke aliyekuwa amewahi kuzipata, akachukua dhahabu. Mwanamume yule alikuwa kocha wake, Brian Orser wa Kanada.

Alama hizo zilishangaza dunia, lakini mimi nilishangazwa na jambo jingine. Orser ndiye mwanamume wa kwanza kufanya Axel ya mizunguko mitatu na nusu katika Olimpiki, na kwa miaka mingi jina lake na mruko huo vilitajwa pamoja. Kim, mwanafunzi wake, hakuwa nao katika programu zake, yaani mfululizo wa miruko na mizunguko anaouteleza kwa muziki mbele ya majaji. Aliyekuwa nao ni mpinzani wake, Mao Asada wa Japani, ambaye aliufanya mara tatu katika mashindano hayohayo, jambo ambalo hakuna mwanamke aliyekuwa amelifanya kabla yake, na bado akapata fedha. Kwa hiyo bwana wa Axel alishinda dhahabu ya Olimpiki dhidi ya Axel, akiwa na msichana aliyefundishwa kushinda kwa mambo mengine. Nadhani maisha yote ya Orser kama kocha yanaweza kuelezwa kuanzia hapo: hakufundisha kile kilichompa sifa, alifundisha kile kilichomshinda.

Mimi ni kocha wa ndondi hapa Kampala. Nilikulia katika kambi ya polisi ya Naguru, ambako Kiswahili ndicho kilichotuunganisha watoto wa Waacholi, Walugbara, Wateso na wengineo, na ambako mvulana aliyechelewa kujifunza kujikinga alifundishwa na uso wake mwenyewe. Nilipigana nikiwa kijana, sikufika mahali pa kuandikwa magazetini, nikageuka kuwa mwalimu. Uwanja wa barafu sijawahi kuukanyaga. Ulioko karibu nasi ninaoujua ni ule uliofunguliwa mwaka 2005 katika hoteli ya Panari, Nairobi, na barafu ya asili tuliyo nayo Uganda iko juu ya Rwenzori, nayo inazidi kupungua. Nilifika kwenye mchezo huu kupitia simu tu: nilikuwa natafuta mapambano ya ndondi ya Olimpiki ya Seoul ya mwaka 1988, na video za Olimpiki ya majira ya baridi ya Calgary ya mwaka huohuo zikajipenyeza katikati. Bando lilikwisha usiku ule kabla sijamaliza, lakini tangu hapo sijaacha kutazama.

Kwa msomaji asiyeujua mchezo wenyewe, naomba nianze na kiatu, maana bila kiatu habari ya Orser haieleweki. Kisu kilichofungwa chini ya kiatu cha kuteleza hakifanani na wembe. Kina unene wa milimita nne hivi, na upande wake wa chini umechimbwa mfereji mwembamba kwa urefu wote, hivyo kinabaki na kingo mbili, ya ndani na ya nje. Mtelezaji mzuri hasimami juu ya kisu kizima; huegemea ukingo mmoja, na ukingo huo humchorea tao barafuni. Namna anavyoegemea, anavyokunja goti na kulikunjua, ndiyo inayozaa kasi. Mtu anayejua kingo zake huvuka uwanja wa mita 60 kwa misukumo michache bila sauti, ilhali asiyezijua hukwaruza na kukimbia kwa nguvu nyingi akifika polepole. Miruko nayo yote huzaliwa katika kingo hizo. Kuna sita inayohesabiwa, na katika mitano mtelezaji huondoka ardhini akienda kinyumenyume. Axel, iliyopewa jina la Axel Paulsen wa Norway aliyeifanya mwaka 1882, ndiyo pekee ambayo mtu huiruka akitazama mbele, na kwa kuwa miruko yote hutua kinyumenyume, Axel huwa na nusu mzunguko wa ziada. Kwa hiyo ile inayoitwa Axel ya tatu ni mizunguko mitatu na nusu, ndani ya muda usiofika sekunde moja, kisha mwili wote ushuke juu ya mguu mmoja, kwenye ukingo wa nje, ukiendelea kuteleza kana kwamba hakuna kilichotokea.

Orser alizaliwa Belleville, Ontario, Desemba 1961, akalelewa kimichezo na kocha mmoja, Doug Leigh, aliyekuwa naye hadi mwisho wa mashindano yake. Alikuwa bingwa wa Kanada mara nane mfululizo, kuanzia 1981 hadi 1988. Hakuwa wa kwanza duniani kutua Axel ya tatu. Mkanada mwenzake, Vern Taylor, alitangulia kwenye mashindano ya dunia ya Ottawa mwaka 1978. Lakini Taylor aliifanya kama mtu anayevuka mto uliofurika, ilhali Orser aliifanya kuwa njia ya kila siku. Aliipeleka Olimpiki ya Sarajevo mwaka 1984, na mwaka 1987 huko Cincinnati akaifanya mara mbili katika programu ndefu moja, jambo ambalo halikuwa limewahi kufanywa, akatwaa ubingwa wa dunia.

Sarajevo ndiko ninakotaka kukaa kidogo. Wakati huo mashindano yalikuwa na sehemu tatu, na ya kwanza haikuwa ya kuvutia macho hata kidogo: ilikuwa ni michoro ya lazima. Mtelezaji alichora duara barafuni kwa ukingo mmoja wa kisu, duara mbili au tatu zilizogusana, kisha akarudia kupita juu ya mchoro wake mwenyewe. Hakukuwa na muziki. Majaji walisogea na kuinama, wakikagua alama iliyobaki kwenye barafu kama imeyumba au imenyooka. Sehemu hiyo ilibeba asilimia 30 ya matokeo yote. Orser alimaliza wa saba katika michoro. Kisha akashinda programu fupi, akashinda na programu ndefu, na dhahabu ikaenda kwa Mmarekani Scott Hamilton aliyekuwa ameongoza tangu kwenye michoro. Aliyeshinda yote mawili yaliyoonekana kwenye televisheni akabaki na fedha kwa sababu ya lile ambalo karibu hakuna aliyelitazama.

Halafu ikaja Calgary, 1988. Michezo ilikuwa nyumbani kwake, naye ndiye aliyebeba bendera ya Kanada katika ufunguzi. Mpinzani wake mkuu alikuwa Mmarekani mwenye jina lilelile la kwanza, Brian Boitano, na magazeti yakaiita vita ya akina Brian. Wote wawili, kwa bahati tu, walichagua muziki na mavazi yenye sura ya kijeshi, jambo ambalo mimi mtoto wa kambi nililifurahia kuliko nilivyopaswa, maana kwetu mtu akivaa namna ile anatarajiwa kusimama wima na kunyamaza, si kuzunguka hewani. Boitano alitangulia, akateleza programu safi kabisa yenye Axel mbili za tatu. Orser aliingia baadaye akiwa amebeba matumaini ya nchi nzima. Katikati alitetereka kidogo wakati wa kutua mruko mmoja. Karibu na mwisho, pale palipopangwa Axel ya tatu ya pili, miguu ilikuwa imechoka. Akaifanya ya mizunguko miwili na nusu. Majaji walikuwa tisa. Watano walimpa Boitano, wanne Orser.

Sisi wa ndondi tunaujua uamuzi wa namna hiyo. Miezi michache baadaye, huko Seoul, Roy Jones wa Marekani alimpiga Park Si-hun wa Korea Kusini kwa raundi zote, na majaji watatu kati ya watano wakampa Park ushindi. Kelele zake zilichangia kuletwa kwa mashine za kubonyeza alama katika Olimpiki ya Barcelona mwaka 1992. Nimeiweka Calgary kando ya Seoul mara nyingi, nami nasema wazi kwamba mambo hayo mawili hayafanani. Seoul ilikuwa fedheha. Calgary ulikuwa uamuzi mgumu kati ya watu wawili waliostahili, na kwa macho yangu Boitano alistahili zaidi kwa unywele. Ndiyo maana naamini kidonda cha Orser kilikuwa na kina kuliko cha bondia aliyeporwa. Aliyeporwa ana wa kumlaumu. Orser alikuwa na video tu, na ndani ya video hiyo kuna mahali ambapo mruko wake mwenyewe haukuja alipouita.

Miaka iliyofuata nitaipitia haraka, ingawa ilikuwa mingi. Aliacha mashindano, akazunguka na maonyesho ya kulipwa kwa karibu miongo miwili, usiku baada ya usiku, mji baada ya mji. Watu wa michezo huidharau kazi hiyo kama ya kutafuta mkate. Mimi naona kwamba mtu anayeteleza mbele ya watu miaka yote hiyo bila jaji kumpa alama, mwili ukizeeka na miruko ikipungua mmoja mmoja, hulazimika kujua ni nini kinachobaki mruko ukiondoka. Kinachobaki ni kingo, kasi, pumzi, na namna ya kumaliza programu ukiwa bado unaonekana mzima. Michoro ya lazima yenyewe ilifutwa katika mashindano ya kimataifa mwaka 1990, na ilipofutwa, watelezaji wengi wa kizazi kipya hawakuona tena sababu ya kukaa saa nyingi wakijifunza ukingo.

Katikati ya miaka ya 2000, Orser aliombwa kuongoza shughuli za kuteleza katika klabu moja ya zamani ya Toronto, Toronto Cricket, Skating and Curling Club. Hakuenda peke yake. Alikwenda na Tracy Wilson, na hapo ndipo ninapoona akili yake. Wilson hakuwa mrukaji. Alikuwa mcheza dansi wa barafuni, aliyepata shaba katika Calgary ileile pamoja na mwenzake Rob McCall, na katika dansi ya barafuni miruko ya aina ya Axel ya tatu haimo kabisa. Kila kitu ni kingo, magoti na kasi. Bwana wa mruko akamchagua mshirika ambaye ufundi wake wote ulikuwa ule uliomwangusha Sarajevo.

Walichokianzisha kinajulikana sana kwa wafuatiliaji wa mchezo huo: vipindi vya kuteleza tu, vya pamoja, vinavyoongozwa na Wilson, ambamo mabingwa na watoto wanaoanza huwa kwenye barafu moja, wakifuata msukumo mmoja, goti moja, mzunguko mmoja. Hakuna kuruka. Bingwa wa dunia aliyefika na miruko yake yote mfukoni huambiwa aende nyuma ya mtoto na ajifunze kusukuma barafu upya. Kwa mgeni huonekana ni kupoteza muda. Lakini wakati huo kanuni za alama zilikuwa zimebadilika. Baada ya kashfa ya majaji katika Olimpiki ya Salt Lake City mwaka 2002, mfumo wa zamani ambao alama ya juu kabisa ilikuwa 6.0 uliachwa, na badala yake kila kipengele kikapewa thamani yake na kuongezewa au kupunguziwa kwa ubora, huku ustadi wa kuteleza wenyewe ukipewa alama yake peke yake. Yaani kile kilichokuwa kikipimwa kwa duara kimyakimya kilirudi kwa mlango mwingine, na klabu ya Toronto ilikuwa imeshakaa mlangoni ikikingoja.

Kwa Kim hesabu ilikuwa hivyo. Mwaka 2009 huko Los Angeles alikuwa mwanamke wa kwanza kuvuka alama 200, akapata 207.71. Miruko yake haikuwa mingi kuliko ya wengine wala migumu kuliko yote, lakini aliingia katika kila mmoja akiwa na kasi ambayo wengine huipunguza kwa woga kabla ya kuruka, na akatoka nayo. Kila kipengele kikaongezewa. Ukitazama Vancouver bila sauti, ukaacha kuhesabu mizunguko na kutazama kisu tu, utaelewa kwa nini Axel tatu za Asada hazikutosha. Miezi michache baada ya dhahabu hiyo, Agosti 2010, Kim na Orser waliachana, na kuachana kwenyewe kulifanyika mbele ya magazeti kwa maneno yasiyopendeza. Sina la kuongeza hapo. Kila kocha anajua kwamba mwanafunzi huondoka, na wakati mwingine huondoka siku ya sherehe.

Hapa lazima niseme neno juu ya mabingwa wanaogeuka makocha, kwa kuwa ndondi ya Kampala imejaa watu hao. Nimewaona wengi, nao nawaheshimu, kwa kuwa wengine walibeba bendera yetu wakati hakuna aliyewalipa. Lakini karibu wote hufundisha ngumi yao. Aliyesifiwa kwa mkono wa kulia huanza na mkono wa kulia, na baada ya miaka miwili jimu yake ina vijana kumi wanaorusha mkono ule, kila mmoja akiwa na nusu ya nguvu za mzee, na hakuna hata mmoja anayejua kurudi nyuma kwa mguu sahihi. Kile bingwa alichokiweza kwa urahisi hajui kukieleza, maana hakikumsumbua kamwe. Mwili wake ulikipata kabla ya akili. Lakini kile kilichompiga anakijua kwa undani, kila hatua yake, kwa kuwa amekifikiria usiku. Ndiyo maana makocha wakubwa wa barafu wengi hawakuwa mabingwa wakubwa. Alexei Mishin wa Urusi, aliyewalea Alexei Yagudin akiwa kijana na Evgeni Plushenko, waliokuja kuwa mabingwa wa Olimpiki, alikuwa mtelezaji wa jozi, na medali yake kubwa ilikuwa fedha ya dunia ya mwaka 1969. Carlo Fassi wa Italia alipata shaba ya dunia mwaka 1953, kisha baada ya ajali ya ndege ya mwaka 1961 karibu na Brussels iliyoua timu nzima ya Marekani pamoja na makocha wao, alihamia huko, na mikononi mwake wakapita Peggy Fleming, Dorothy Hamill, John Curry na Robin Cousins, wote dhahabu za Olimpiki. Orser ni wa aina adimu zaidi: alikuwa bingwa kwelikweli, na bado akaweza kuuweka ubingwa wake kando.

Wanafunzi wawili wanalionyesha hilo kuliko wengine wote. Javier Fernández alitoka Hispania, nchi ambayo haikuwa na historia yoyote ya maana katika mchezo huu, akafika Toronto mwaka 2011. Yuzuru Hanyu alitoka Sendai, Japani. Machi 11, 2011, tetemeko kubwa lilipotokea, alikuwa barafuni. Alikimbia nje akiwa bado na viatu vyenye visu, uwanja wake ukafungwa, na kwa miezi kadhaa akawa anafanya mazoezi katika maonyesho ya miji mingine. Mwaka uliofuata akahamia kwa Orser, akiwa na umri wa miaka 17. Wawili hao walikuwa wapinzani wa moja kwa moja na walifundishwa na mtu mmoja kwenye barafu moja. Hanyu alichukua dhahabu ya Sochi mwaka 2014. Mwaka 2015 huko Shanghai, Hanyu aliongoza baada ya programu fupi na Fernández akampita kwa chini ya alama tatu akawa bingwa wa dunia. Mwaka 2016 huko Boston Fernández akampita tena. Mwaka 2018 huko Pyeongchang, Hanyu akarudia dhahabu, mwanamume wa kwanza kufanya hivyo tangu Dick Button mwaka 1948 na 1952, na Fernández akapata shaba.

Nimejaribu kufundisha mabondia wawili wa uzito mmoja waliojua kwamba watakutana katika ukumbi wa Lugogo hapa Kampala, nami sijui namna ya kufanya hivyo bila mmoja kuhisi kwamba namfichia. Sisi hatuna njia ila kuwapa saa tofauti. Barafuni kuna faida moja: mshindani hamgusi mwenzake. Kila mmoja anapambana na programu yake, na kocha anaweza kumwambia kila mmoja ukweli uleule bila kumpa mwenzake silaha. Hata hivyo naamini kwamba kilichowawezesha zaidi kilikuwa vile vipindi vya Wilson. Mkifundishwa jambo moja kwa pamoja kila asubuhi, tena jambo la msingi ambalo hakuna mmoja anayeweza kusema amelimaliza, upinzani hupata mahali pa kupumzikia.

Kuna tukio moja ambalo simkubalii Orser. Novemba 2014, katika mashindano ya Shanghai, Hanyu na Han Yan wa China waligongana kwa kasi wakati wa kupasha mwili kabla ya programu ndefu. Hanyu alilala barafuni, kisha akainuka akiwa na damu. Ilielezwa baadaye kwamba Orser alimwambia huu haukuwa wakati wa kuwa shujaa. Lakini kijana alisisitiza, akafungwa bandeji kichwani, akaingia, akaanguka mara tano na kumaliza wa pili. Watu waliliona kuwa ushujaa. Mimi niliona mtu aliyepigwa kichwani akirudishwa ulingoni. Kwetu kuna mwamuzi anayeweza kusimamisha, kuna daktari, na juu ya yote kuna taulo begani mwa kocha, na taulo hilo halimwombi bondia ruhusa. Barafuni wakati ule hapakuwa na taulo. Kocha alikuwa na maneno tu, na maneno ya kocha yana uzito mdogo kuliko matakwa ya bingwa wa Olimpiki wa miaka 19. Bado nasema ningesimama kwenye lango la uwanja na kulifunga kwa mwili wangu. Ni rahisi kusema hivyo nikiwa Kampala, naam, lakini nasema.

Mambo yalikuwa tofauti kabla ya Pyeongchang. Hanyu aliumia kifundo cha mguu wa kulia mazoezini Novemba 2017, hakushindana tena hadi Olimpiki yenyewe, na muda wote huo kazi ilikuwa kumfikisha Februari akiwa mzima kiasi cha kutosha. Kufika siku inayotakiwa, wala si kabla yake, ndilo somo jingine la Orser. Mtu aliyebeba bendera ya nchi yake na kuikosa dhahabu jioni moja anajua kwamba kilele kina tarehe.

Kanada yenyewe haikufaidika kama ilivyodhani ingefaidika. Huko Sochi, aliyeshika nafasi ya pili nyuma ya Hanyu alikuwa Patrick Chan, Mkanada, naye alikuwa akiitafuta dhahabu ileile ya wanaume ambayo nchi yake ilikuwa haijawahi kuipata na ambayo Orser aliikosa mara mbili. Orser alikuwa upande wa Japani. Wengine nyumbani waliona uchungu. Sisi Uganda tunaujua upande wa pili wa habari hii. Pale Naguru kila mtoto alilijua jina la John Akii-Bua, kwa kuwa alikuwa askari polisi kama baba zetu: Munich, 1972, mita 400 za viunzi, njia ya kwanza, sekunde 47.82, rekodi ya dunia. Kocha wake alikuwa Mwingereza, Malcolm Arnold. Arnold aliondoka, akaenda kumfundisha Colin Jackson, ambaye mwaka 1993 aliweka rekodi ya dunia ya viunzi vya mita 110. Akii-Bua alikimbilia uhamishoni, akarudi, akafundisha, akafariki mwaka 1997 akiwa na miaka 47. Jambo linaloniuma katika habari hiyo ni kwamba aliyejua kwa mwili wake jinsi mtu wa hapa anavyoweza kuwa wa kwanza duniani hakupata mahali pa kudumu pa kusimama kila asubuhi, kwenye uwanja mmoja, mbele ya watoto na mabingwa pamoja, na mshirika anayejua asichokijua yeye. Orser alipewa mahali hapo. Kipaji chake cha ualimu kingekuwa nini bila ile klabu, sithubutu kukisia.

Na hata mahali hapo pana mipaka. Wakati wa janga la korona Hanyu alibaki Japani akifanya mazoezi peke yake, na alichokifuata katika upweke huo kilikuwa Axel ya nne, mizunguko minne na nusu, ambayo hakuna mtu aliyekuwa ameitua. Aliijaribu Beijing, Februari 2022, akaanguka, akamaliza wa nne, na miezi michache baadaye akaacha mashindano. Septemba mwaka huohuo kijana wa Marekani, Ilia Malinin, akaitua huko Lake Placid. Baada ya miaka yote ya kingo na magoti, mwanafunzi mkubwa kuliko wote wa Orser alirudia tamaa ileile ya ujana wa mwalimu wake. Sioni kwamba hilo linavunja nilichokisema. Alikuwa tayari ana dhahabu mbili zilizotokana na kuteleza. Ya tatu aliitaka kwa njia yake.

Katika jimu yetu kuna bondia mmoja aliyestaafu hivi karibuni, aliyejulikana kwa konde la kushoto la pembeni ambalo liliwalaza wengi, na sasa anataka kuwa kocha. Alipokuja aliomba apewe vijana wakubwa awafundishe konde hilo. Nilimpa watoto wadogo na somo la miguu: kusonga, kurudi, kugeuka, bila glavu, bila begi la kupiga, kwa msimu mzima. Nilimpa hilo kwa sababu mapambano yote aliyopoteza, aliyapoteza kwa miguu, na yeye anajua.

"Kocha, hili ni adhabu?" aliniuliza.

Nilimwambia ni kazi, na kwamba akiimaliza tutazungumza juu ya kushoto kwake. Hajafurahi. Lakini wiki iliyopita nilimsikia akimweleza mtoto mmoja, kwa maneno mengi kuliko alivyowahi kutumia juu ya konde lake, kwa nini kisigino cha nyuma hakipaswi kugusa sakafu, na ni nini hasa kilichompata yeye mwenyewe siku kilipogusa.